Metali ing'aayo inapogeuka kuwa angavu

ALIYEPITIA maabara ya shule ya upili hakosi kuikumbuka sodiamu, metali laini inayokatika kwa kisu na kuhifadhiwa ndani ya mafuta kwani ikikutana na maji huwaka. Wanafizikia huihesabu miongoni mwa metali sahili kabisa. Kila atomu yake ina elektroni moja tu ya nje, na elektroni hizo huzurura kwa uhuru zikipitisha umeme.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba metali ya aina hiyo ikigandamizwa, umetali wake utazidi. Mwaka wa 1999, Jeffrey Neaton na Neil Ashcroft wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipiga hesabu kuhusu lithiamu wakapata kinyume.

Ushahidi wa kushangaza zaidi ulitoka kwa sodiamu mnamo 2009. Kundi lililomjumuisha Yanming Ma wa Chuo Kikuu cha Jilin, China, lilieleza jinsi chembe ya sodiamu ilivyobanwa baina ya ncha mbili za almasi, kwa shinikizo la takriban mara milioni mbili ya lile la hewa tunayovuta. Mng'ao ulitoweka, metali ikawa nyeusi, kisha mwanga ukaipenya! Haikuwa metali tena.

Sababu ni msongamano. Elektroni za ndani za atomu jirani zinapokaribiana mno, zile za nje husukumwa na kunaswa katika mianya iliyosalia. Ni kama abiria wa matatu iliyojaa pomoni: yumo safarini, lakini hawezi hata kuinua mkono atoe nauli.

Tatizo ni kwamba chembe hizo ni ndogo mno na almasi zenyewe hupasuka, hivyo si rahisi kwa mtu mwingine kuhakiki. Mwaka wa 2017, Ranga Dias na Isaac Silvera wa Harvard walitangaza kwamba wamegeuza haidrojeni kuwa metali. Wenzao walitilia shaka, na almasi ilipovunjika sampuli ikapotea. Baadaye jarida la Nature lilifuta makala mbili za Dias, mwaka wa 2022 na 2023, zilizodai kupatikana kwa vitu vinavyopitisha umeme bila upotevu wowote katika joto la kawaida.

Sisi wa vyumba vya habari hatuwezi kujitoa lawamani. Tangazo la ugunduzi hulipa kichwa kikubwa. Likifutwa, hupata aya mbili ukurasa wa ndani.