Avoka wa sosiete hachaguliwe kwa sababu "anamujua juge"

Wakubwa wa biashara, toka Kalundu mpaka Kavimvira, leo tuambiane ukweli. Mzigo wa simenti umelowa ndani ya boti, mwenye boti anakataa kulipa. Ulizo la kwanza ya patron ni gani? "Nani anamujua avoka mwenye kuwa rafiki ya juge?" Hapo njo tunaanzia kupoteza.

Wengi watanijibu: "Ndugu, hii ni Uvira, bila kujuana haupite." Nasikia. Lakini kesi ya pesa nyingi haiishie kwa tribunal ya hapa. Mwenye kushindwa atapanda Cour d'appel. Tena, tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA: mambo mengi ya deni na ya sosiete yanaweza kufika mpaka Abidjan, kwa Cour commune. Kule hakuna shemeji yako. Kenye kinasafiri ni dosiye: kontra, fakitire, karatasi ya kupokea mzigo yenye sinyatire na tarehe. Kama avoka wa kwanza alitegemea urafiki na hakupanga karatasi, wa pili atapanda mlima mikono mitupu.

Na tusijidanganye: kama urafiki wako unaweza kununua juge leo, pesa ya mwenzako itamununua kesho.

Sisemi tuache avoka wa hapa tukimbilie majina makubwa ya Kinshasa. Jina kubwa mara nyingi linatuma kijana asiyesoma dosiye, anakuja kuomba tarehe ingine, na tiketi unalipa wewe. Wa hapa anajua bandari, anafika saa ile ile.

Basi, mbele ya kutoa franga, uliza hivi. Ni wewe mwenyewe utasimama, ao utatuma mtu? Uko avoka wa barreau, ao défenseur judiciaire? Sheria ya 1979 inatenganisha hao wawili, na défenseur hafuate kesi mpaka Cour d'appel. Kesi ya namna hii umekwisha kufanya? Pesa yako ni ngapi, na tutaandika? Mwisho: wapi tunaweza kushindwa?

Mwenye kukujibu "hatuwezi kushindwa, niachie tu," umuage kwa heshima. Mwenye kukuonyesha karatasi yenye kukosekana, huyo mushike. Na umutafute sasa, mbele boti haijatoka bandarini, sababu ni yeye angekusomea ile kontra mbele uweke sinyatire.