Kompyuta yetu, barua yetu: hesabu ya grupu la mtaa Salamabila

Vijana wenzetu wa Salamabila, Kasongo, Kabambare na wote mulio mbali,

Hapa Salamabila kijana akitaka kumwandikia msimamizi wa teritware, anaandika kwanza kwa mkono, kiisha anapeleka karatasi kwenye sekretaria ya kulipia. Mwenye kupiga mashine anaisoma kwa sauti ili asikosee. Watu wanne wanaongojea fotokopi wanasikiliza. Barua inalipiwa kwa kila ukurasa, na nakala yake inabaki ndani ya kompyuta ya mtu mwingine. Kama ni sivi, hakuna shida. Kama ni malalamiko ju ya barieri ambapo wamama wanalipishwa bila risiti, yule anayelalamikiwa atapata habari kabla karatasi haijapigwa muhuri. Hatumsemi vibaya mwenye sekretaria, naye anatafuta chakula cha watoto. Lakini mtu anayetaka kudai haki hawezi kila mara kupitisha siri yake kwenye benchi ya wateja.

Ndiyo sababu leo tunaandika ju ya kitu ambacho wengine watasema si kazi ya vuguvugu la raia: namna ya kujitengenezea kompyuta ya mezani, ile tunaita fiksi, kwa pesa ya watu wasio na kazi. Tunataka kila grupu la mtaa liwe na moja. Watu 20 wakitoa dolari 3 kila mwezi, miezi mitano inatoa dolari 300. Hiyo inatosha mashine, na inabaki kidogo ya kuanzia umeme wa jua.

Swali la kwanza huwa ni hili: kwa nini si laptopu? Ni swali la haki, ju laptopu ina betri yake na hapa nyaya za SNEL hazijafika. Lakini laptopu ya bei yetu inafika ikiwa betri imekufa, na kesho yake bawaba inavunjika, keshokutwa klavye inakataa herufi A. Kila kipande ni cha modeli ile ile tu, na hapa hakuna. Fiksi, klavye ikikufa unaweka nyingine, ekra ikikufa unaweka nyingine, na mashine inaendelea. Tena laptopu ya grupu inajua kutembea: leo iko kwa prezida, kesho iko kwa shemeji wa prezida. Mwenye kusafiri kila juma anunue laptopu yake, hatumkatazi. Ya watu wote ikae mezani.

Na simu? Matangazo yetu mengi yameandikwa kwa simu, hata haya yangeweza. Ila jaribu kufungua kwenye simu ripoti ya ITIE-RDC ya kurasa mamia, utafute ndani yake mgodi mmoja umelipa nini, uhamishe tarakimu kwenye jedwali. Macho yatachoka kabla ya akili.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, ambalo ni umeme. Wengi wanaanza na prosesa. Sisi tunasema anza na jua, kwa sababu kompyuta unainunua mara moja, lakini umeme unaununua kila siku. Wenzetu wa miji mikubwa wanatuonyesha picha za sanduku la kioo lenye taa za rangi na kadi ya michezo ndani. Kadi moja tu kama RTX 3060 imepangiwa wati 170. Hapa kwetu hiyo ni jenereta inayokunywa petroli ili taa za rangi ziwake. Hata sanduku kubwa la zamani lisilo na kadi, pamoja na ekra ya mgongo, linaweza kula wati 140. Kwa saa sita ni wati-saa 840.

Kinyume chake kuna visanduku vidogo vya ofisi, upana kama wa kitabu kikubwa: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Vingi vimewekewa prosesa ya wati 35, na ukiandika barua tu, mashine nzima inakaa kwenye wati 15 au 20. Ongeza ekra ndogo ya wati 25, jumla 45. Saa sita: wati-saa 270. Betri ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba wati-saa 1200, lakini kama ni ya risasi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Unabaki na 600, yaani siku mbili za kazi bila jua. Paneli ya wati 100 ikipata saa nne za jua zuri inaleta 400, na ukiondoa robo inayopotea njiani unabaki na 300. Inatosha kwa shida. Kwa miezi ya mvua chukua ya wati 150.

Kitu kingine ambacho mafundi wa hapa wanakijua kuliko vitabu: visanduku hivi vinakula volti 19 au 20 za mkondo wa moja kwa moja. Kibao kidogo cha kupandisha volti kutoka 12 kinakuepusha na inveta, ambayo inakula sehemu yake bure. Fundi apime kwa mita kabla ya kuchomeka, apime tena mashine ikiwa imewaka. Na ekra? Nyumba ngapi hapa ziko na televisheni ya volti 12 ya kutazama mpira? Nyingi zina tundu la HDMI. Mchana hakuna mechi.

Kununua, wakati huu uko mzuri kwa namna moja na mbaya kwa nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi za kabla ya kizazi cha 8 cha Intel hazikubaliwi na Windows 11. Ofisi za Ulaya na kwingine zinazitoa nje zikiwa zima. Kwetu i5 ya kizazi cha 6 ni mashine ya miaka mingine mingi. Upande mbaya: tangu mwisho wa 2025 bei ya memori imepanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vinakimbilia kulisha mashine za akili bandia. Basi usinunue sanduku tupu ukisema utaongeza memori pole pole. Chukua lenye gigabaiti 8 ndani tayari.

Viwango tulivyojiwekea, tusivivuke: dolari 130 kwa kisanduku, 25 kwa SSD ya gigabaiti 240, 10 kwa klavye na suri, 50 kwa ekra kama hakuna televisheni ya kuazima, 15 kwa kibao cha volti na nyaya zake, 20 kwa njia. Hiyo ni 250. Mwuzaji akipita hapo, mwachie mashine yake.

Kwa nini SSD na si diski ya kuzunguka? Ju ya pikipiki. Mzigo unaopitia Kalemie, Bendera na Lulimba unapigwa na mashimo njia nzima, na diski ya sahani haipendi ngoma. SSD haina kitu kinachozunguka. Lakini hapo ndipo wadanganyifu wanaingia: kuna SSD na flashi zinazoandikwa terabaiti 2 na ndani ni kidogo sana, ukijaza faili za kwanza zinapotea. Bei ikiwa ya ajabu, ni bongo. Ijaze kabla ya kulipa, kisha usome ulichoandika. Kuna programu ya bure inaitwa F3 inayofanya kazi hiyo. Angalia pia kama mashine inafungua BIOS bila neno la siri la kampuni ya zamani, maana ikifungwa hapo utapata shida hata kuweka mfumo mpya. Na dai faktura kwa jina la grupu. Kwenye barieri karatasi haizuii kila kitu, lakini inapunguza maneno.

Ndani tunaweka Linux Mint. Ni ya bure, inazungumza Kifaransa, na wakati wa kuiweka inakuuliza kama unataka diski ifungwe kwa siri. Jibu ni ndiyo. Mtu akibeba mashine usiku, atakuwa na chuma tu, dosye hataisoma. LibreOffice inatosha kwa barua na majedwali. Kwa Kiwix unaweka Wikipedia nzima ya Kifaransa bila intaneti, na kwenye gigabaiti 240 nafasi inabaki. Wanafunzi wanaojiandaa kwa Exetat peke yao wangetosha kulipa sababu ya mashine hii.

Printa ndiyo inatushinda. Ya leza ikipasha moto inavuta mamia ya wati kwa mara moja, inveta ndogo inalala. Ya wino inakauka. Kwa sasa karatasi za hadharani zitaendelea kuchapwa kwenye sekretaria, na za siri zitapelekwa kama PDF kwa Signal kwa mtu anayeweza kuzichapa mbali na macho ya hapa. Si dawa kamili.

Tazama meno ya kibao cha memori: ile rangi si rangi tu, ni zahabu yenyewe, imepakwa nyembamba. Kinachoshika vipande ni bati, kama ile inayotolewa kwenye kasiterite ya Kalima na Punia. Mchimbaji wetu anauza gramu hapa, na ikirudi imekuwa kibao ambacho hawezi kununua. Banro, kampuni ya Kanada, ilitangaza uzalishaji wa kibiashara Namoya Januari 2016, ikasimamisha kazi Septemba 2019 kwa sababu ya usalama. Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 iliweka redevansi ya zahabu kuwa asilimia 3.5, na kuigawa: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa entite ya karibu na mgodi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyo hiyo inaidai kampuni angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Basi kampuni yoyote inayochimba Namoya, leo au kesho, tunaidai chumba kimoja cha kusomea chenye paneli na mashine kumi kama hii, kiandikwe kwenye kaye de sharji kwa idadi na kwa bei. Wakituletea kompyuta za bei mara nne, tutakuwa na hesabu hii mkononi.

Hatungojei chumba hicho ili kuanza. Kila grupu lichague watu wawili wa kushika ufunguo, mmoja awe dada, na daftari la saa za kutumia likae wazi. Saa za mchana zianze na dada zetu, maana usiku njia si salama kwao. Mwenye kulipa na asiyelipa wote wataandika. Aliyelipa ataona tu jina lake kwenye daftari la mchango.

Mulioko Kalemie, Uvira na Lubumbashi: mukiona kisanduku cha namna hii, mutume kwa grupu picha ya kibandiko cha chini na bei ya mwisho ya mwuzaji. Musilipe kitu kabla fundi wetu hajajibu.