Nunda wa Amani
Baraza ya Khamis Makame

Jumamosi iliyopita, saa tano za asubuhi, msichana mmoja wa Nairobi alisimama mbele ya meza ya mpwa wangu, akaokota kijitabu cha kurasa nane kilichobanwa kwa pini mbili, akakifungua upande wa mwisho. Mpwa wangu akakipokea kwa adabu, akamgeuzia. "Kinaanzia huku, dada. Kulia." Msichana akaikazia macho picha ya kwanza. "Huyu ni paka ama ni chui?"

"Alikuwa paka. Sasa ni nunda."

Nyumbani Amani, Unguja, kijana huyu ukimuuliza kala nini mchana hukujibu huku anavitizama vidole vyake vya miguu. Pale alinyanyua uso akasimulia kisa tangu mwanzo: Sultani aliyempenda paka wake kupita kiasi, raia wanakuja kushitaki kuwa paka kala kuku, kala mbuzi, na kila mara Sultani anawarudisha kwa kuwa paka ni wake na vilivyoliwa ni vyake, paka anazoea, anaanza kula watu, anakimbilia mwituni, anakuwa nunda, na siku moja anamla mtoto wa Sultani mwenyewe. Anayekwenda kumsaka ni mtoto wa mwisho, Mkaajikoni, aliyekuwa hana thamani mbele ya baba yake. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, akatoa shilingi mia nne za Kenya, na akaomba mchoraji atie sahihi. Mpwa wangu hakuwa na kalamu. Nilimpa yangu.

Mkutano wenyewe unaitwa NAICCON, ndio mkutano wa Nairobi wa wapenzi wa vibonzo, na umeshapindukia miaka kumi. Tulivuka na boti Alhamisi, Ijumaa alfajiri tukapanda basi Dar es Salaam, Namanga tukagonga mihuri, usiku tukawa Nairobi, miguu imevimba. Kijana ana miaka 19 na mama yake, dada yangu, hakukubali aende peke yake. Hiyo ni sababu moja iliyonipeleka. Ya pili ni deni langu mwenyewe na vibonzo, la miaka arubaini, nitalieleza.

Ndani kulikuwa na pembe ya gemu, imejaa makelele, na jukwaa la mazungumzo. Kulikuwa na vijana waliovaa kama wahusika wanaowapenda, mabawa ya kadibodi, mapanga ya sponji, nywele za bandia rangi ya samawati. Binti mmoja alikuwa kavaa joho la kishujaa alilolishona kwa mkono. Nilijua kwa uzi mwekundu uliochungulia kwenye pindo. Lakini mimi nilivutwa na meza. Safu nzima ya meza ndogo, kila moja kitambaa, na nyuma yake amekaa mtu aliyechora vilivyo juu yake. Msomaji anakuja, anafungua, anauliza. Mmoja alimwambia mchoraji waziwazi kuwa sura ya tatu ameiharakisha. Mchoraji hakununa. Alichukua penseli akaandika pembeni ya daftari lake.

Sijapata kuona jambo hilo maishani mwangu, na nimesoma vibonzo tangu sijabaleghe.

Miaka ya 1980 sisi watoto wa Amani tulikuwa tukinunua jarida la Sani kwa shirika, watu watano nakala moja. Lilikuja kutoka Dar es Salaam, likafika limeshachelewa, na tulilisoma tumejibanza kwenye kivuli cha ukuta wa uwanja wa mpira, mwenye macho makali anasoma kwa sauti na wengine wanatizama picha. Madenge na utundu wake. Lodi Lofa. Ndumilakuwili, ambaye jina lake peke yake lilitosha kumwonya mtu na rafiki mbaya. Tukimaliza sisi, linakwenda nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka jalada linatoka, mpaka kurasa zinakuwa laini kama kitambaa, na mwisho wake ni kwa muuza njugu, anazikunja pembe anafungia njugu za shilingi. Naamini nusu ya Sani zilizofika Unguja ziliishia hivyo.

Moja haikufika huko. Mwalimu wa skuli niliyosoma, ambaye simtaji, alinikuta nayo ndani ya daftari la jiografia. Aliichana mbele ya darasa, ukurasa mmoja mmoja. Haikuwa yangu, ilikuwa ya shirika, nikawalipa wenzangu kwa pesa za sikukuu. Sikulia kwa pesa. Nililia kwa sababu kisa kilikuwa kinaendelea toleo la pili, na sehemu ya kwanza sasa ilikuwa vipande sakafuni. Na mwalimu yule yule ndiye aliyekuwa akinisifu kuwa nasoma haraka kuliko darasa zima! Hakupata kuuliza nimejifunzia wapi.

Lakini hilo nimelisamehe zamani. Linaloniuma mpaka leo ni jengine. Tulimjua Madenge kama ndugu, na hatukujua nani kamchora. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, niliposikia jina la Philip Ndunguru, kijana aliyewapa sura wahusika wengi wa Sani na akafariki katika miaka hiyo hiyo ya 1980, angali mdogo. Nilikuwa namcheka Lodi Lofa chini ya ukuta wa Amani na aliyemchora keshatangulia, na hakuna aliyetwambia. Kabla yake, wazee wetu walimpenda Chakubanga wa gazeti la Uhuru; muulize mzee yeyote barazani atakuelezea Chakubanga mpaka basi, kisha muulize Christian Gregory ni nani. Atanyamaza. Wakenya nao wamemsoma Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo kizazi baada ya kizazi. Kazi hizi zilikuwa na mamia kwa maelfu ya wasomaji, na wasomaji hao hawakupata kukutana na mchoraji wakampa mkono. Senti alizolipwa mchoraji zilitoka kwa gazeti, na gazeti lilihesabu nakala. Nakala yetu moja ilisomwa na mtaa. Hesabu yake haikuingia popote.

Kwa hiyo ninapoitetea meza, natetea kitu hicho. Meza inampa mchoraji jina. Inampa na bei, kwa sababu anayenunua anaona mkono uliofanya kazi. Mpwa wangu kwa siku mbili aliuza vijitabu 34. Havikurudisha nauli yetu, sisemi uongo, lakini watu 34 Nairobi sasa wanamjua kwa jina, na watatu wamemuuliza sehemu ya pili inatoka lini. Hapa Unguja, ambako nunda amezaliwa, hana pa kuiweka meza hiyo.

Nasema amezaliwa hapa kwa ushahidi. Kisa cha nunda kimo katika hadithi alizozikusanya Askofu Edward Steere kutoka vinywani mwa watu wa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Mpwa wangu hakukipata kwa Steere, alikipata kwa bibi yake, mama yangu, aliyekuwa akitusimulia umeme ukikatika. Alichofanya yeye ni kukichukua na kukichora kwa mtindo anaoupenda, wa manga. Msomaji asije akafikiri Manga yetu, ya Wamanga na tende. Hivi ni vibonzo vya Kijapani, ndivyo Wajapani wanavyoviita. Vinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ndiyo maana yule msichana alikosea mlango. Kijana wa Unguja hakosei, amefungua juzuu chuoni tangu ana miaka mitano, mkono wake unajua.

Tumezoea kuviacha vyetu vikachorewe kwa wengine. Godfrey Mwampembwa, Gado, kazaliwa Dar es Salaam, na jina lake limekulia katika magazeti ya Nairobi. Abunuwasi, ambaye hakuna baraza ya Unguja isiyomjua, alichorwa na huyo huyo Gado akatoka kitabu mwaka 1996, na mchapishaji alikuwa Sasa Sema wa Nairobi. Mwaka 2023 Disney walitoa filamu fupi kumi za katuni za Kiafrika, wakaziita Kizazi Moto. Jina la Kiswahili safi. Waliozitengeneza walitoka Zimbabwe, Uganda, Afrika Kusini, Nigeria, Kenya na Misri. Nilifurahi kwa ajili yao na nilisikitika kwa ajili yetu, yote mawili usiku mmoja. Wakenya hawana kalamu tusizokuwa nazo sisi. Bara kuna James Gayo na Kingo wake, kuna Masoud Kipanya, na hapa Ng'ambo nawajua vijana wasiopungua sita wanaochora usiku kwenye simu zenye kioo kilichopasuka. Wenzetu wana pa kukutania, ndiyo tofauti. Jarida la Shujaaz lilianza Kenya mwaka 2010, likigaiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, na mwaka 2012 likapata tuzo ya Emmy ya kimataifa. Lilipovuka kuja Tanzania mwaka 2015 lilitukuta tunaanza upya, kana kwamba hatujapata kusoma kibonzo.

Nimeshayasikia ya barazani. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia mambo ya kuvaa vinyago na mabawa ni ya kizungu. Nilimjibu kwa heshima, na nairudia hapa: hatujawahi kuona beni? Miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, vijana wa Kiswahili walishona sare za maofisa wa kijeshi, wakapeana vyeo, wakaandamana kwa ngoma na tarumbeta, kila kikundi kinataka kumzidi mwenzake kwa mavazi. Ngoma hiyo ikateremka pwani yote mpaka bara, na Unguja mpaka leo harusi haijanoga bila beni na watu wake waliovaa vituko. Lau babu yake binti yule wa uzi mwekundu angekuwa Mswahili wa Lamu, angekuwa ameshona epuleti za mabegani. Ni kazi ile ile ya kukaa na sindano wiki tatu kwa ajili ya mchana mmoja wa kuonekana.

Ninachotaka si kikubwa. Uwanja wa Amani, uliofunguliwa mwaka 1970 na kufunguliwa tena Desemba 2023 ukiwa mpya na viti elfu kumi na tano, siuombi wote. Naomba ukumbi mmoja, siku moja, hata wa skuli. Meza kumi. Wachoraji wa Unguja na Pemba, na mwaliko kwa wa bara. Pembeni meza ya kumi na moja kwa mtu yeyote mwenye Sani au Kingo ya zamani chini ya godoro, aje nayo ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na picha zipelekwe Hifadhi ya Nyaraka pale Kilimani zihifadhiwe pamoja na barua za masultani. Jamhuri nzima ya watoto wamejifunza kusoma kwenye karatasi hizo na tumewaachia wauza njugu. Na wenye tamasha la filamu la Ngome Kongwe, ambao kila mwaka wanajaza ua ule watu kutoka dunia nzima, wakiweza kutupa pembe moja chini ya mti, tutafagia wenyewe.

Atakayesema watu hawatakuja, nitamwambia mkutano mashuhuri wa vibonzo wa San Diego kule Marekani, ambao sasa unavuta watu zaidi ya laki moja na thelathini elfu, ulianza tarehe 21 Machi 1970 katika chumba cha chini ya hoteli. Siku moja. Watu kama mia. Wengi wa walioupanga walikuwa vijana wa umri wa skuli. Mia tunawapata kwenye msikiti mmoja wa Amani Ijumaa moja. Mimi nitakuwa mlangoni, na anayetaka meza anitafute kupitia gazeti hili. Nimeshapata wachoraji wanne.

Tulirudi Jumanne jioni. Dada yangu alikuwa jikoni, mpwa wangu akampa kijitabu chake bila kusema neno, macho yamerudi kwenye vidole vya miguu. Dada hajapata kusoma kibonzo hata kimoja. Zamani, tulipokuwa chini ya ukuta, yeye alikuwa anachota maji. Akapangusa mikono kwenye kanga, akakifungua, kulia, bila kuelekezwa. Alikwenda pole pole. Ukurasa wa sita akasimama, akaweka kidole juu ya nunda.

"Mkia," akasema. "Mkia wa nunda mnene. Bibi yako alikuwa akisema mnene, wewe umeufanya mwembamba kama wa paka wa Darajani."

Mpwa wangu akatoa simu, akaivuta picha, akaanza kuufuta mkia. Mama yake akasogea na taa.