Kura Si Uwanja wa Majaribio



Hapa Brooklyn Park ukinunua simu mpya, inadai masahihisho kabla hujamaliza kuiwasha. Kampuni huuza kitu nusu, halafu mnunuzi ndiye anayegundua kasoro. Kwa simu tunavumilia, kwa sababu kesho itarekebishwa. Siku ya kupiga kura haina kesho.

Tukumbuke tarehe 4 Machi 2013. Baada ya damu ya 2007 na 2008, Tume ya Kriegler ilipendekeza teknolojia ili hesabu ya kura isitiliwe shaka. Tukauziwa mitambo ya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole. Siku yenyewe betri zikazima katika madarasa yasiyo na umeme, makarani wengine hawakuwa na maneno ya siri, watu wakarudi kwenye daftari la karatasi. Mfumo wa kupeleka matokeo nao ukakwama. Kwenye runinga, kura zilizokataliwa zilikuwa zikizidishwa mara nane! Mwenyekiti wa IEBC, Isaack Hassan, alieleza kuwa ni kosa la programu. Mahakama ya Juu ilikubali matokeo, lakini ikapendekeza ununuzi wa vifaa hivyo uchunguzwe.

Wapo wanaosema hakuna mashine isiyo na kasoro. Kweli. Lakini kwamba shule zetu nyingi hazikuwa na umeme, hilo lilijulikana kabla ya zabuni. Muuzaji alileta mzigo uchaguzi ukibisha hodi, na mnunuzi akaupokea bila kuupima. Wote wawili wana lawama.

Na inawezekana kufanya vizuri. Mwaka 2022 fomu 34A ziliwekwa hadharani, kila mwenye kikokotoo akajumlisha mwenyewe.

Sasa tunatazama Agosti 2027. Sheria inaitaka tume ijaribu mitambo angalau siku 60 kabla ya uchaguzi. Basi ijaribiwe Turkana na Wajir, ndani ya darasa lisilo na umeme, mbele ya mawakala wa vyama, si katika hoteli ya Nairobi. Na sehemu ya malipo izuiwe mpaka kura ya mwisho ihesabiwe.

Sisi wa Minnesota hatukuwa na kituo mwaka 2022. Ilibidi kwenda Washington, New York au Los Angeles. Mtu alipe nauli ya ndege, kisha akute mashine imekufa?

Muulizeni mbunge wenu sasa. Tusipouliza mapema, tutauliza mahakamani.