Kuchora, Kupanga Jedwali na Kuandika katika Kompyuta



Imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari, kutoka kwa Sayyidna Abdullah bin Mas‘ud (r.a.), kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alichora mraba, kisha akapitisha katikati yake mstari uliotokeza nje, na ubavuni mwa mstari huo akachora vistari vidogo vidogo. Akaeleza kuwa mstari wa katikati ni binadamu, mraba ni ajali yake, yaani mauti yaliyomzunguka, sehemu iliyotokeza nje ni matumaini yake, na vile vistari ni misiba ya dunia: akinusurika na huu, humpata ule.

Twalitaja jambo hili kwa kuwa wako wanaodhani kuwa kufundisha kwa mchoro ni kazi ya maofisini, wala haihusu madrasa. Leo vijana wengi wa Kibiti wamekwisha kushika kompyuta, japo ya kuazima, na ndani yake mna programu za kutengenezea kurasa za kuonyesha watu, ambazo wenyewe huziita slaidi. Mashuhuri ni PowerPoint, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1987. Na iko Impress, ipatikanayo bila malipo ndani ya LibreOffice. Katika zote mbili tazama juu ya kioo penye neno Insert: humo ndimo mlimo na maumbo, jedwali na kisanduku cha maandishi.

Basi zoezi la kwanza na liwe mchoro ule ule wa Mtume (s.a.w.). Chagua umbo la mstatili, ukokote kwa kipanya huku umebana kitufe cha Shift, nao utatoka mraba kamili. Chagua mstari, bana Shift tena usipinde, uupitishe hata utokeze nje. Vistari vidogo chora kimoja tu, kisha kinakili. Ukimaliza, chagua vyote pamoja uviunge kundi moja, ili ukiuhamisha mchoro usiache kipande nyuma. (Juu ya picha za viumbe wenye roho wanavyuoni wana maneno marefu, nasi hatuingii humo leo, mraba na mshale havina ugomvi.)

Lakini faida kubwa tunayoitaka iko katika jedwali, nayo ni mirathi. Ni mara ngapi watu wamefarikiana kwa shamba la marehemu, mjane akatoka mikono mitupu na binti akaambiwa kuwa yeye ameolewa, basi hana chake! Pengine si ukaidi peke yake. Maneno “thumni” na “sudusi” husomwa upesi matangani, yakapita masikioni yasikae.

Tuseme amekufa mtu wa Bungu, na baada ya kulipwa mazishi, madeni na wasia, imebaki mikorosho 120 iliyo sawa kwa uzazi. Ameacha mke, mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baba yake alikwisha kufa kabla yake. Fungua jedwali la safu tatu za kwenda chini: mrithi, fungu lake, na mikorosho yake. Mistari ya kwenda kando iwe saba: mmoja wa vichwa, mitano ya warithi, na wa mwisho wa jumla. Mke ana thumni, yaani 15. Mama ana sudusi, yaani 20. Iliyobaki ni 85, nayo hugawanywa mafungu matano, kila mwana wa kiume mawili na binti moja. Basi kila mwana apata 34, na binti 17. (Waliosoma faraidhi watajua kwa nini tumechagua 120.)

Sasa utazame ukurasa huo. Binti ana mstari wake, na kisanduku chake kikiachwa kitupu, hata asiyejua kusoma hukiona. Wala jumla haitatimia 120. Tahadhari moja: jedwali la programu hizi halijumlishi lenyewe, basi jumlisha kwa mkono wako, kisha umpelekee sheikh ajuaye mirathi alipitie kabla ya kulionyesha kwa wenye haki.

Katika maandishi twawaonya mambo mawili. La kwanza, msijaze. Ukurasa mmoja na uwe na maneno machache ya herufi kubwa, ukubwa wa 28 au zaidi, kwani wazee hukaa nyuma. Hotuba ni ya ulimi. La pili ni zito zaidi, nalo ni aya za Kurani. Kiarabu kina kitufe chake cha kuelekeza mstari kutoka kulia kwenda kushoto, na kisipoonekana lazima kwanza uongeze lugha ya Kiarabu katika mipangilio. Usiandike aya kwa kukumbuka, na ukimaliza ulinganishe na msahafu herufi kwa herufi. Tena kompyuta nyingine ikikosa aina ile ya herufi, yaweza kuyabadili maandishi. Kwa hivyo hifadhi nakala ya PDF, ndiyo uichukue.

Na anayekwenda visiwani Delta, upande wa Mbwera, asitegemee kukuta umeme wala mashine ya kuangazia ukutani. Achapishe kurasa zake Kibiti mjini kwa karatasi kubwa, azifunge vizuri ndani ya nailoni kabla ya kupanda chombo pale Nyamisati.

Zoezi la mwezi huu: amekufa mwanamke, ameacha mume, mama na mtoto mmoja wa kiume, na minazi 60, baba yake si hai. Pangeni jedwali lake. Majibu tutayatoa mwezi ujao, Inshaallah.