Pima masikio, andika tarehe

Bandugu wa Musumba na Kapanga yote, na ninyi muliokwenda Kolwezi kutafuta maisha,

Kijana anatoka hapa na masikio mazima. Anashika marto-pikeri miaka mitatu, analala karibu na kompresa. Akirudi ku mugini, mama yake anamwita mara tatu. Watu wanasema: "Ule pesa imemupa kiburi." Si kiburi. Sikio njo imekufa.

Desibeli 85, sikio inaivumilia masaa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: ku 88 masaa 4, ku 91 masaa 2, ku 100 dakika 15 tu. Marto-pikeri inapita 100. Na hakuna maumivu ya kukuonya. Sauti nyembamba zinatangulia kupotea, kama s, f na t, njo maana mutu anasema: "Nasikia, lakini sielewi munasema nini."

Mwenye simu na ekuteri anaweza kujipima. Tangu 2019 OMS iko na programu ya bure, hearWHO. Inasoma namba tatu katikati ya kelele, wewe unaandika ulizosikia. Inalinganisha sauti na kelele, kwa hiyo hata ekuteri ya bei ndogo haiharibu sana matokeo. Zile za kulia "tii, tii" zinadanganya zaidi, kwa sababu simu haijui ekuteri yako iko na nguvu gani. Hata hivyo zinasaidia: kama kushoto ni zaifu, geuza ekuteri. Uzaifu ukihamia kulia, ekuteri imeharibika. Ukibaki kushoto, ni sikio.

Fanya usiku, grupu zikizimwa, si mu nganda. Kama namba zinasomwa kwa luga usiyoizoea, kukosa kwako si lazima ugonjwa. Kama unakunywa kinini na masikio yanalia nziii, mwambie munganga. Mara nyingi inapita dawa ikiisha. Sindano ya jentamisini ni kali zaidi, inaweza kuua sikio moja kwa moja, usingoje kesho kusema. Na wakati mwingine ni nta tu (kijiti cha kiberiti hapana, tafazali).

Sasa neno kwa wakubwa. Sheria ya kazi ya 16 oktoba 2002 inadai cheti cha munganga kwa mutu anayeingia kazini. Tunataka cheti hicho kipime masikio pia, siku ya kuingia na siku ya kutoka, na kopi ibaki mu mikono ya mfanyakazi. Bila karatasi ya kwanza, kampuni itasema ulikuja kiziwi. Jimbo nalo liweke mu bajeti mashine ya kupima masikio na muuguzi aliyefundishwa, mu kila teritware, Kapanga ndani. Shaba na kobalti zinatoka Lualaba, mashine moja haiwezi kukosa.

Mchimbaji wa mukono hana mkataba, hakuna bosi wa kumupa cheti. Kwake simu njo karatasi. Kwa hiyo, mbele ya kupanda gari ya Kolwezi, jipime, piga picha ya matokeo, andika tarehe, itume kwa mutu wa nyumbani aitunze. Rudia kila miezi sita. Namba zikishuka mara mbili, toka karibu na kompresa, enda ku hospitali na picha zote mbili.