Redio au simu: mwanafunzi amwamini nani?

Mtaala wa CBC nchini Kenya unataja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Lakini kujua kubonyeza simu hakutoshi. Mwanafunzi ajue pia habari imetoka kwa nani.

Redio ina mhariri na leseni: ikipotosha, kuna wa kuulizwa. Ujumbe unaosambazwa kwa WhatsApp mara nyingi hauna mwenyewe. Hata hivyo redio nayo hukosea, na simu huweza kuleta picha za mafuriko kabla mwandishi hajafika.

Mwalimu achukue habari moja, kwa mfano mbolea ya ruzuku, ilivyotangazwa redioni na ilivyosambazwa kwa simu. Darasa liulize: nani kasema, lini, na nani atawajibika? Mzazi naye aulize hayo kabla ya kutuma pesa.